Kompyuta ilivyojifunza kupima mchezo, na pale inapokwama: kutoka New York hadi barazani Ujiji

SEHEMU YA 1: Ugomvi wa Jumamosi

Nimetoka zamu, nimeshakula ugali na mgebuka, watoto wamelala. Sasa nilipe deni langu la wiki.

Kwa wageni: mimi ni nesi hapa Kigoma. Ukurasa huu si wa ushauri wa dawa, ukiumwa nenda kituo cha afya. Hapa naandika historia ninazosoma usiku wodi ikitulia. Leo ni historia ya kompyuta na chesi, mchezo ambao wazee wa pwani wanauita sataranji, jina lililotoka Uajemi likapitia kwa Waarabu. Vipande viko saba, kaa mkao wa kula.

Chanzo chake ni ugomvi. Jumamosi mimi na mfamasia wetu tulicheza chesi kwenye simu. Alinibana vibaya sana. Yeye alibaki na malkia, mimi nina ngome moja tu na askari wachache wamemzunguka mfalme. Ile programu ina kipimo pembeni, kinaonyesha nani yuko mbele na kwa kiasi gani. Kikasoma hasi nne. Yaani mimi nimekwisha.

"Sista, jisalimishe tulale," akaniambia.

Nikakataa. Nikaona kitu kimoja: ngome yangu ilikuwa na vyumba viwili vya kukaa, na vyote vinalindwa na askari. Nikawa naipeleka kulia, nairudisha kushoto. Malkia wake akazunguka kila upande, hakupata pa kuingilia. Mwisho hali ileile ikajirudia mara tatu, mchezo ukawa sare. Na kile kipimo, jamani, hadi hatua ya mwisho kilikuwa bado kinasoma hasi nne.

Mfamasia akashika kichwa. "Sasa hiyo namba muda wote ilikuwa inasema nini?"

Hilo ndilo swali la leo.

SEHEMU YA 2: Namba ilizaliwaje

Twende mwaka 1950. Mmarekani mmoja, Claude Shannon, wa maabara za Bell, alichapisha makala kueleza namna ya kuifanya kompyuta icheze chesi. Kompyuta zenyewe wakati huo zilikuwa za kuhesabika duniani, moja inajaza chumba kizima.

Shannon aliona tatizo mapema. Alikadiria idadi ya michezo inayowezekana ya chesi akapata namba ambayo ukiiandika ni moja ikifuatiwa na sifuri 120. Hakuna mashine ya kuimaliza hiyo, hata ikifanya kazi tangu dunia iumbwe.

Kwa hiyo akapendekeza njia ya mkato, na hadi leo ndiyo msingi. Mashine itazame mbele hatua kadhaa, isimame, halafu ihesabu mali. Malkia 9, ngome 5, askofu 3, farasi 3, askari 1. Ongeza kidogo kwa mwenye nafasi zaidi ya kutembea, punguza kwa mwenye askari waliokaa vibaya. Toa mali ya mwenzako kwenye mali yako, umepata namba.

Alan Turing, yule Mwingereza, naye alikuwa na programu yake ila hana kompyuta ya kuiendesha. Mwaka 1952 akaiendesha yeye mwenyewe kwa karatasi na kalamu, akifuata kanuni kama mashine, dhidi ya mwenzake Alick Glennie. Hatua moja ilikula kama nusu saa. Programu ikashindwa.

Sasa shika jambo moja hapa, maana mengine yote yananing'inia juu yake. Kiukweli kila hali kwenye ubao ina majibu matatu tu: unashinda, unatoka sare, au unashindwa. Hakuna jibu la nne. Mashine ingeona hadi mwisho ingekupa mojawapo basi. Ile "hasi nne" au "chanya moja na nusu" inatokea pale mashine inapoacha kutazama na kuanza kukisia. Ni makisio mazuri, mara nyingi mazuri kuliko yangu na yako. Lakini ni makisio.

SEHEMU YA 3: Upeo wa macho

Miaka ikapita, kompyuta zikapata nguvu, na waliokuwa wanacheza nazo wakaona tabia ya ajabu. Aliyeieleza vizuri ni Hans Berliner, mtaalamu wa kompyuta ambaye pia aliwahi kuwa bingwa wa dunia wa chesi ya kuandikiana barua. Mwaka 1973 akaipa jina linalotokana na upeo wa macho, ule mstari wa mbali ambapo jicho linafika na kuishia.

Iko hivi. Tuseme mashine inaona hatua sita mbele. Farasi wake amenaswa, na kwa hesabu ataliwa hatua ya tano. Mashine haikubali. Inatupa askari mmoja, mpinzani analazimika kumjibu kwanza, na kule kuliwa kwa farasi kunasogea hadi hatua ya saba. Saba haionekani. Basi kwa macho ya mashine farasi amepona! Namba inapanda, inaonekana kila kitu shwari. Hatua mbili mbele farasi analiwa vilevile, na askari alishakwenda bure.

Sisi wa Kigoma hili halitusumbui kulielewa. Kiangazi moshi na vumbi vikitanda, milima ya Kongo haionekani kabisa ukiwa Kibirizi au Ujiji. Mgeni akija Agosti anaweza kudhani ziwa halina ng'ambo. Mvua za kwanza zikinyesha, milima hiyo hapo. Ilikuwepo siku zote.

Watengenezaji walipambana nalo. Waliifundisha mashine isisimame kuhesabu katikati ya vurugu ya kulana, iendelee mpaka ubao utulie. Ilisaidia sana. Lakini upeo ukiusogeza, unakuwa umeusogeza tu. Nyuma yake bado kuna kitu.

Kiweke akilini kisa cha farasi huyu. Nitakihitaji sehemu ya mwisho.

SEHEMU YA 4: New York, Mei 1997

Hapa ndipo historia yenyewe. Garry Kasparov, bingwa wa dunia, alikuwa ameshaishinda kompyuta ya IBM iitwayo Deep Blue kule Philadelphia mwaka 1996, alama 4 kwa 2. Mei 1997 wakarudiana New York, mechi ya michezo sita. Deep Blue sasa ilikuwa na uwezo wa kupima hali kama milioni 200 kwa sekunde moja.

Mchezo wa kwanza Kasparov akashinda. Ila karibu na mwisho mashine ilifanya hatua moja isiyoeleweka, haina faida yoyote inayoonekana. Baadaye Murray Campbell, mmoja wa walioiunda, alieleza kuwa ile ilikuwa hitilafu ya programu. Mashine ilikwama, ikachagua hatua bila sababu.

Mchezo wa pili, Mei 4. Kasparov akaiwekea mashine mtego wa mali, askari wa kuokota, akijua kompyuta ni walafi wa kuhesabu. Mashine ikakataa. Ikacheza hatua tulivu ya kumbana, hatua ya kibingwa. Kasparov akavurugika. Kwenye hatua ya 45, hali yake ikiwa mbaya, akajisalimisha na kuondoka.

Uchambuzi uliofuata ukaonyesha kwamba palikuwa na njia ya kutokea! Angeweza kumsumbua mfalme wa mashine kwa cheki mfululizo, mchezo ukaishia sare. Deep Blue haikuwa imeliona hilo vizuri, ndiyo maana ikaufungua mlango. Na Kasparov, mtu aliyekuwa anaona mbali kuliko binadamu yeyote kwenye ubao ule, naye hakuuona.

Kwa nini hakuuona? Maelezo yanayotolewa mara nyingi, na mimi nayakubali, ni kwamba aliiamini mashine. Alidhani kama njia ya sare ingekuwepo, Deep Blue isingeiacha wazi. Akaacha kutafuta.

Mechi ikaisha 3.5 kwa 2.5, mashine ikashinda. Magazeti ya dunia yakaandika kwamba akili ya mtu imeshindwa. Mimi nikisoma, kinachonisimamisha ni ile hatua ya 45. Pale mashine ilikosea kupima, na binadamu akakosea zaidi kwa kudhani mashine haikosei.

SEHEMU YA 5: Simu yako leo

Utasema sista hayo ya zamani. Kweli, leo programu ya bure kwenye simu ni kali kuliko Deep Blue, na hakuna bingwa anayeiweza. Sipingi. Lakini tuone ile namba imefikia wapi.

Mwaka 2017 taasisi yenye jina la Roger Penrose, yule Mwingereza aliyekuja kupata Nobeli ya fizikia mwaka 2020, ilitoa fumbo la chesi. Mweusi ana malkia, ngome mbili na maaskofu watatu. Mweupe ana mfalme na askari wanne tu. Programu zikapiga kelele: mweusi anashinda kwa mbali! Lakini malkia na ngome za mweusi wamefungiwa nyuma ya askari, na maaskofu wake wote watatu wanatembea vyumba vya rangi moja. Mweupe anachotakiwa ni kumtembeza mfalme wake kwenye vyumba vya rangi nyingine, huku na huko. Sare. Mtoto aliyejifunza chesi mwezi mmoja anaweza kuelewa akionyeshwa. Ni kisa kilekile cha ngome yangu na malkia wa mfamasia: boma limefungwa, mali iliyo nje haina kazi, ila mashine inaendelea kuhesabu mali.

Desemba mwaka huohuo ikaja AlphaZero ya DeepMind. Hii haikupewa bei za Shannon. Ilipewa kanuni za mchezo tu, ikacheza na nafsi yake kwa saa chache, ikajifunza kupima yenyewe. Ikapambanishwa na Stockfish, programu iliyokuwa tishio, michezo 100. Ikashinda 28, sare 72, haikupoteza hata mmoja. Ilikuwa inatoa askari, hata farasi, bila kulipwa chochote kwa muda mrefu, huku mwenzake akijihesabu yuko salama. Kumbe miaka yote ile bei zenyewe zilikuwa na kasoro, na wengi tulikuwa tunazichukulia kama vipimo vya maabara.

Stockfish nayo ikabadilika, mwaka 2020 ikaanza kutumia upimaji wa kujifunza. Na tangu mwishoni mwa 2022 waliipangia namba yake maana mpya: chanya moja ni nafasi ya kushinda nusu kwa nusu, mashine ikicheza na mashine. Soma tena hapo. Mashine na mashine. Haisemi mimi na mfamasia, saa nne usiku, wote tumechoka, itakuwaje.

SEHEMU YA 6: Baraza la Ujiji

Sasa turudi nyumbani. Ujiji ilikuwa kituo kikubwa cha njia ya misafara kutoka Bagamoyo. Ndiyo maana uko zaidi ya kilomita elfu moja kutoka baharini lakini unakuta kofia za kazi, kahawa, na wazee barazani wakicheza bao kama uko Zanzibar.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mmoja anaanza na kete 22 mkononi na 10 ubaoni, sita kati ya hizo zikiwa kwenye nyumba. Kwanza mnanamua, kete moja moja kutoka mkononi. Zikiisha ndiyo mnaingia mtaji.

Kuna mzee wa ukoo wetu pale Ujiji, mimi namwita babu, kwa bao amezeeka nalo. Siku moja nikakaa pembeni yake wengine wakicheza. Upande mmoja kete zimejaa, naona kabisa zinapita 40. Nikamuuliza, "Babu, huyu si ndiye anayeongoza?"

Hakuniangalia. "Kwanza niambie zamu ya nani."

Ilikuwa zamu ya yule mwenye chache. Akaingia, akala, akasambaza, akala tena, mkono haukai. Hatua mbili tu, tajiri safu yake ya mbele ikabaki tupu. Na kwenye bao safu ya mbele ikiisha umefungwa, hata kama ya nyuma imefurika.

Hapo nikaelewa kwa nini njia ya Shannon inayumba zaidi kwenye bao kuliko kwenye chesi. Kwenye chesi malkia akilala salama, kesho yuko. Kwenye bao kete hazina mwenyewe. Mkono mmoja unaweza kugeuza ubao mzima, kwa hiyo ukihesabu mali leo umehesabu kitu ambacho hatua moja mbele hakipo.

Si kwamba wataalamu wameupuuza mchezo wetu. Alex de Voogt, Mholanzi, mwaka 1995 alitoa utafiti wake juu ya mabingwa wa bao wa Zanzibar, wanavyokumbuka na kuhesabu kichwani. Mwaka 2002 Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk wa Maastricht wakaandika kuhusu kulitengenezea bao programu. Mwaka huohuo, Amsterdam, John Romein na Henri Bal wakaumaliza kabisa mchezo wa awari, ndugu yake bao wa Afrika Magharibi wenye mashimo 12 na kete 48. Kompyuta zao zilipitia hali zaidi ya bilioni 889, zote. Jibu: wakicheza wote bila kosa, ni sare. Kwenye awari sasa hakuna makisio tena, kila hali ina jibu lake, moja kati ya yale matatu niliyowatajia.

Chesi imefikia huko pale tu mali inapobaki saba au pungufu ubaoni, wafalme wakiwemo. Juu ya hapo ni makisio.

Sidai babu angeifunga kompyuta kubwa ikitengenezewa bao kwa fedha na muda. Pengine ingemfunga asubuhi na jioni. Ninachosema ni kwamba lile swali lake, zamu ya nani, ndilo la kuuliza kabla ya kuamini hesabu yoyote.

SEHEMU YA 7: Wodini

Hii ndiyo sababu nimeandika uzi wote huu. Ni ya miaka mingi nyuma, kituo nilichokuwa wakati ule sikitaji, na kosa lilikuwa langu.

Mama mdogo, kama miaka 20, amejifungua salama saa mbili usiku. Mtoto kapata 9 kwa kipimo cha Apgar, kile alichokichapisha daktari wa Kimarekani Virginia Apgar mwaka 1953: sifuri hadi kumi, kila mkunga anakijua. Mama nikampima presha, 110 kwa 70. Safi. Mapigo 104, nikayaandika bila kuyawaza. Nikarudi mezani.

Bibi yake alikuwa naye, mama wa Kimanyema kutoka Ujiji, kanga mbili. Akanifuata. "Sista, mwanangu, huyu mjukuu wangu kiu haimwishi. Na anapiga miayo."

Nikamjibu kwa heshima ila kwa haraka. "Bibi, presha yake nzuri. Uchovu tu wa kujifungua."

Dakika kama kumi akarudi. Safari hii hakusema kitu, akasimama tu mbele ya meza.

Nikaenda. Nikaweka mkono tumboni, mfuko wa uzazi ulikuwa laini kama unga uliozidi maji, na umepanda. Nikaubana, yakatoka mabonge ya damu ambayo sitayasahau. Mapigo sasa 124. Presha? Bado 100 na kitu! Nikaita mwenzangu, tukakanda mfuko, dripu, oksitosini, daktari akaamshwa. Dakika chache baadaye presha ikaporomoka kwa mkupuo, lakini tulikuwa tayari juu yake. Akapona. Alfajiri alimnyonyesha mwanawe.

Mwili wa kijana mwenye afya ukipoteza damu unafunga mishipa midogo na kuukimbiza moyo ili presha ibaki palepale. Unabaki palepale, palepale, mpaka siku zikiisha unaanguka wote. Si ndiye yule farasi wa Berliner? Mwili ulikuwa unatupa askari kusogeza hasara mbele, na mimi nilikuwa natazama namba moja iliyokuwa haioni hatua ya saba.

Presha haikunidanganya, ilisoma ilichosoma. Mimi ndiye niliyeigeuza ruhusa ya kurudi kukaa. Kasparov alisoma ukimya wa mashine akajua amekwisha, mimi nilisoma 110 kwa 70 nikajua tumeshinda, na sote wawili tukaacha kutazama ubao.

Tangu usiku ule nina mazoea mawili. Presha siisomi bila mapigo pembeni yake, na tumbo naligusa kwa mkono wangu hata kama karatasi iko safi. La pili, namuuliza ndugu aliyekaa na mgonjwa: "Wewe unamwonaje?" Wanaofanya kazi na mimi wanalijua swali hilo, wananitania nalo.

Na mfamasia? Jumamosi hii tunarudiana. Tumekubaliana kile kipimo cha pembeni tukizime mpaka mchezo uishe.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, historia ya Liemba, ilivyozamishwa 1916 na kuibuliwa 1924. Wenye wazee waliofanya kazi melini, wakaeni karibu muwasikilize wakati bado wapo.

Usiku mwema. Kesho niko zamu.